Ntumba za Sista Godeliva

3 Novemba

Upepo umepeperusha vumbi tangu asubuhi. Nimefua mashuka ya zahanati mara mbili na bado yana rangi ya udongo. Sista Godeliva ameshinda barazani na shali yake ya sufu, macho ameyafumba, na kila mwanamke anayepita na ndoo anamwamkia, naye anamwitikia kwa jina bila kuyafumbua. Anawajua kwa mwendo wao. Wengi aliwapokea mwenyewe walipozaliwa, nami nimo. Nyumba hii ina masista wawili tu siku hizi, mimi na yeye, na mmoja wetu analala mchana kutwa.

7 Novemba

Nimerudi kutoka parokiani jioni hii, miguu si yangu tena. Kule kwenye redio ya upepo nimezungumza na Sista Annunciata, mkuu wetu wa kanda, sauti ikikatikakatika. Gari litakuja tarehe kumi Desemba kumchukua Sista Godeliva. Anarudishwa kwao Ubelgiji, kwenye nyumba ya masista wazee wa shirika, akatunzwe huko mpaka mwisho. Nilimwambia huyu mtu yuko hapa Ilembwe tangu kabla mimi sijazaliwa. Akajibu kwamba hilo analijua, na kwamba nimwandalie sweta.

Sweta. Basi. Sista Annunciata ni Mganda, mrefu, viatu vyake haviguswi na vumbi hata akikizunguka kijiji kizima, na leo nimemchukia kwa dhati. Nitaungama Padre akija.

Nilipompa Sista Godeliva habari alikuwa anamenya viazi. Alisema, "Asante, Wilbroda," akaendelea kumenya. Wote tuliweka nadhiri ya utii, sawa. Lakini kuna namna ya kutii inayouma kuitazama.

8 Novemba

Kijiji kizima kimeshajua. Sijui nani kasema. (Nimesema mimi.)

12 Novemba

Mama Leokadia amekuja. Huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki hapa, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama yangu alipougua, kwa hiyo haniiti Sista ila mbele ya Padre. Aliketi kwenye ngazi, akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akauliza kama Godeliva amewahi kupanda ntumba. Nikamwambia masista hatupandi ntumba, tuna bustani ya kabichi.

"Ndiyo maana wanamzoa tu," akasema. "Mtu hana kitu ardhini, utamshika na nini?"

Ntumba ni vile vilima vya mviringo tunavyojenga kwa jembe, majani tukiyapindua chini na udongo juu. Bonde letu lote limejaa. Kwa desturi yetu, mtu akishatia mbegu kwenye ntumba hahamishwi, si na chifu wala na ndugu zake, mpaka ale alichopanda. Hata mke aliyeachwa husubiriwa avune. Leokadia anataka kila nyumba imtengee Sista Godeliva ntumba moja. Mvua ikianguka atapanda, halafu huyo mkubwa wetu atuambie mbele ya watu kwamba anavunja mila.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakurudi. Nikamwambia sawa, tufanye.

20 Novemba

Mvua ya kwanza, saa nane mchana. Bati lilianza kulia taratibu, kisha hatukusikilizana tena. Watoto wa zahanati walitoka nje uchi na wauguzi wakawaacha.

Wakati wa chai Sista Godeliva alitusimulia ndoto. Alikuwa anatembea peku kwenye uwanja mweupe usiokuwa na mwisho, ardhi ngumu, inaimba chini ya nyayo zake, na mtu fulani amemshika mkono. Leokadia hakuchelewa kuitafsiri. Meupe ni maua ya maharage, akasema, na ardhi inayoimba ni ardhi inayomkubali mtu. Ni bonde letu hilo. Sista Godeliva alimtazama kwa macho yake ya buluu ambayo siku hizi yamefifia, akatabasamu, akaomba sukari.

26 Novemba

Tangu juzi tunampeleka kupanda ntumba zake. Wanaume wawili wanambeba kwenye kile kiti cha mgongo mrefu cha sakristia, mimi nashika mwavuli, na ukungu ni mzito kiasi kwamba unasikia kikohozi cha mtu kabla hujamwona. Ntumba zinajitokeza moja moja kutoka kwenye weupe na kuzama tena. Kila nyumba inasubiri kwenye shamba lake na mbegu zake kwenye ungo. Wanamteremsha, anainama, anasukuma mahindi na maharage kwa kidole gumba, anafunika, anafanya ishara ya msalaba. Kisha kiti kinainuliwa tena.

Hakuuliza hata mara moja kwa nini. Mila yetu anaijua kuliko mimi, ameizeekea. Mara moja tu, kwenye shamba la Leokadia mwenyewe, alibaki ameinama muda mrefu mkono uko ndani ya udongo, hata nikaogopa kwamba amezirai. Kumbe alikuwa anafikiri. Alipoinuka alisema udongo una joto.

30 Novemba

Mvua. Nimefuma sweta. Sijui kwa nini namfumia na huku sitaki aende.

3 Desemba

Akina mama wameanza novena ya kuomba mvua kubwa. Mvua tayari inanyesha. Wanachotaka ni mto Kachelo ubebe daraja la magogo, maana gari haliwezi kuja isipokuwa pale. Nilijiambia sista hawezi kuomba Mungu aharibu daraja la serikali. Jioni nilikuwa mstari wa mbele, rozari mkononi, sauti yangu juu kuliko zote.

8 Desemba, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili

Daraja limeondoka. Limeondoka zima zima, magogo yakizunguka kwenye maji mekundu kwa utulivu kabisa. Leokadia alipiga magoti kwenye matope akiwa na kitenge chake kipya.

10 Desemba

Gari lilifika ng'ambo mchana. Tulikuwa tumejaa ukingoni wote, na mvua imetukalia. Dereva alipiga honi, akashuka, akayatazama maji, akapanda, akapiga honi tena, ndefu, na gari likageuka. Tulicheza pale pale. Nami nilicheza, shela imelowa, imenigandama usoni.

Nilikimbia nyumbani kumpa Sista Godeliva habari. Alikuwa ameketi barazani na sweta amelivaa, na begi dogo liko miguuni pake. Nilisahau kabisa kwamba hakuna aliyemwambia asijiandae.

"Limeondoka?" akauliza.

"Limeondoka, Mama. Sasa ni mpaka kiangazi."

Alipiga makofi kidogo, taratibu, kama tunavyowapigia watoto wa chekechea. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na hakutoka kwa masifu ya jioni wala kwa chakula. Furaha imemchosha.

13 Desemba

Mvua.

14 Desemba

Mvua. Mapacha kwa binti wa katekista, wote wazima.

25 Desemba

Noeli bila Padre, hakuweza kuvuka. Katekista aliongoza ibada na kuhubiri muda mrefu mno. Tulikula wali na kuku, na akina mama wakaleta uyoga kikapu tele. Sista Godeliva aliimba wimbo wa kwao, sauti nyembamba sana, na watoto waliokuwa wanagombania mifupa wakanyamaza. Mahindi yake yameota kila mahali. Ukitoka tu na kuuliza njia, mtu atakuonyesha kwanza ntumba ya Sista.

9 Januari

Analala zaidi. Akiamka anasema kilugha chao, kisha anashtuka na kusema Kifipa chetu, kisha Kiswahili, hatua kwa hatua, mpaka anafika tulipo. Namletea uji na kusubiri amalize safari hiyo. Leo alinitazama na kuniita Liesbet. Nikamwambia, mimi ni Wilbroda, Mama. Akasema, "Najua, najua," na akanipapasa mkono ili nisijisikie vibaya.

14 Januari

Leo nimeaibika, na niandike yote.

Mchana nilikuwa nafunga kidonda cha mzee mmoja pale zahanati, nikasikia watoto wanakimbia. Alikuwa Sista Annunciata. Kwa miguu. Gari ameliacha parokiani, amevuka Kachelo na maji yakimfika kifuani, ameshikilia kamba ya wavuvi, viatu amevifunga shingoni. Matope mpaka kwenye nyusi. Aliomba maji ya kunawa, akanawa, akaenda moja kwa moja kwa Sista Godeliva. Wakakaa pamoja mlango umefungwa, na sikusikia ila vicheko viwili vidogo.

Alipotoka nilimngoja jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Novemba. Nilimwambia mnamng'oa mtu kwake. Nilimwambia amewazalisha watu wa bonde hili wote, na nyinyi mnamrudisha Ulaya mahali ambapo hata mbwa hawamjui. Nikamweleza na ntumba, na mila, na kwamba hata sheria ya nchi haiwezi. Sauti ilinipanda. Alikuwa anasugua viatu vyake kwa gunzi, hakunikatiza.

"Wilbroda, mdogo wangu," akasema nilipomaliza. "Amewahi kukuambia anataka kubaki?"

Nikasema hilo halihitaji kusemwa, kila mtu analijua.

"Mimi sitamsemea," akasema. "Ana mdomo wake. Muulize."

Amelala kwetu na asubuhi atarudi kwa njia ile ile. Nimempa sweta langu, lake halijakauka.

15 Januari

Nilimsindikiza hadi mtoni. Alivuka bila kugeuka nyuma, kisha akageuka ng'ambo akapunga mkono na viatu. Sijui nimchukulie vipi sasa. Kumchukia kulikuwa rahisi zaidi.

21 Januari

Sijamuuliza.

27 Januari

Sijamuuliza. Maharage yameanza kuchanua. Nilimwonyesha maua kutoka dirishani, nikamwambia, Mama, hii ndiyo ndoto yako. Alisema ni mazuri sana. Alisema pia kwamba ndoto ile amekuwa akiiota kila siku.

2 Februari, Kutolewa Bwana Hekaluni

Tulibariki mishumaa. Baadaye mvua ilipungua ikawa manyunyu tu, na mimi na yeye tukakaa barazani tukichambua maharage ya mwaka jana. Bonde lote limejaa ukungu, na ntumba zimeelea juu yake. Kulikuwa kimya kiasi kwamba punje ikianguka kwenye sinia unaisikia. Nilimuuliza bila kumtazama.

"Mama, wewe mwenyewe unataka wapi?"

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Ule uwanja mweupe, Wilbroda, si maharage. Ni maji. Kwetu baridi ikizidi mifereji inaganda, watu wanatembea juu yake. Inatoa sauti. Mimi na mdogo wangu Liesbet tulikuwa tunavua viatu kwa ubishi, kuona nani atakimbia kwanza."

Nikauliza Liesbet yuko hai. Yuko hai. Amebaki yeye tu, na yuko katika nyumba ile ile ya wazee. Masista walimpokea ingawa si mtawa. Haoni tena.

"Hapa nawapenda," akasema. "Kila mtu hapa nilimwona akiwa kichanga. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniona mimi nikiwa mdogo. Ningependa kabla sijafa nikae na mtu anayenikumbuka mimi nikiwa mtoto. Nilimwomba Annunciata miaka miwili iliyopita. Alihangaika sana kunipatia ruhusa."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuwa mmekuja na kiti," akasema. "Mlikuwa na furaha."

3 Februari

Nina hasira. Nimemwaga dawa ya kikohozi na kumkaripia muuguzi ambaye hata hakuwa karibu.

4 Februari

Bado. Nimemkasirikia kwamba anataka kutuacha. Miaka yote hiyo, na kumbe ndani yake kuna nyumba nyingine ambayo taa haijazimwa. Nilidhani kwake ni hapa tu. Nilidhani mimi ni mwanaye.

6 Februari

Namlisha uji. Anaula wote kila siku hata asipotaka, ili nisione aibu ya kuumwaga mbele ya wapishi wa zahanati. Leo nimeliona hilo kwa mara ya kwanza, na limeniuma kuliko yale ya barazani. Hivyo ndivyo alivyopanda zile ntumba. Tulimwinamisha kwenye ukungu siku baada ya siku, mwanamke mgonjwa, akazika mbegu za kujifunga mwenyewe, akatushukuru.

8 Februari

Nimekwenda kwa Leokadia. Alikuwa anapalilia. Nilimsimulia nikiwa nimesimama nje ya shamba, kwani sikuwa na uso wa kuingia. Alisikiliza mpaka mwisho ameegemea jembe.

"Umesema uongo," akasema.

"Nenda kamuulize."

Alitupa jembe akaenda. Nilimfuata kwa mbali. Alikaa na Sista Godeliva muda mrefu, na nilipopitisha chai nilimkuta ameketi sakafuni, kichwa amekilaza kwenye mapaja ya bibi yule, analia kwa kwikwi kabisa, mwanamke mwenye wajukuu. Sista Godeliva alikuwa anamchana nywele kwa vidole.

Alipotoka alinipita bila kunisalimu. Mlangoni akageuka akaniambia, "Tumemfunga sisi wenyewe. Sasa nani atamfungua?"

Jumatano ya Majivu

Mvua imekatika ghafla, kile kiangazi kidogo cha Februari. Leokadia amezunguka nyumba hadi nyumba. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alimwambia akina mama mmekuwa watoto, leo hivi kesho vile. Wengine wanasema Sista Annunciata amemlisha maneno bibi wa watu. Na hata wanaokubali hawajui njia, maana mila haivunjwi kwa kutaka. Alichopanda hajala. Mahindi yana maziwa tu, na maharage ni maganda laini.

Nilipaka watu majivu pamoja na katekista leo. Nilipomfikia Leokadia alinong'ona kwamba amepata. Mila inasema ale. Haisemi yawe yamekomaa.

23 Februari

Ntumba inayovunwa mbichi haipandwi msimu unaofuata, inaachwa ipumzike. Kila nyumba inapoteza. Sikutarajia wakubali.

Wamekuja leo tangu ukungu haujaondoka. Walikuja kimya, mmoja mmoja, kila mwanamke na bakuli lake limefunikwa majani, ndani yake mahindi machanga ya kuchemsha na maharage mabichi. Mama anakaa mbele ya Sista Godeliva, anamega, anamtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, anasema, "Umekula, Mama. Uko huru." Kisha anampisha mwenzake. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na siku ya kufunga, na Sista Godeliva aliniuliza kwa wasiwasi kama anaruhusiwa. Nilimwambia mimi ndiye mkubwa wa nyumba leo na ninamwamuru. Akatii. Hata yule mzee aliyewatukana akina mama alimleta mkewe, akasimama nje amewapa mgongo mpaka zamu yake ikapita.

Mwisho akaja Leokadia. Punje zilimponyoka, zikaanguka kwenye shali. Hakuweza kusema yale maneno. Sista Godeliva akaziokota punje moja moja, akala mwenyewe, akasema badala yake, "Nimekula, mwanangu. Niko huru." Kisha akawa analia, na ndipo nikajua kwamba kwenda pia kunamuuma. Nilikuwa sijafikiria kwamba mtu anaweza kutaka kitu kwa moyo wote na bado kikamrarua.

26 Februari

Maji ya Kachelo yamepungua, nimevuka kwa miguu na kutembea hadi parokiani kwenye redio. Nilimwambia Sista Annunciata alete gari. Akauliza litapita wapi na daraja hakuna. Nikamwambia atuachie sisi. Kabla hajakata nilimwomba radhi. Alisema nisimpotezee betri.

3 Machi

Tunabeba mawe. Wanaume wanakata magogo, lakini Kachelo inataka mawe chini kwanza, na mawe yako mlimani. Wanawake wale wale wa novena, kila mmoja na jiwe kichwani juu ya kata, wanashuka kwa mstari na kuingia majini. Zahanati nafungua asubuhi na kufunga mchana. Mikono yangu imechubuka. Leokadia hapangi jiwe bila kusimama juu yake na kulirukia, zee zima, huku akituambia sisi masista tunapanga mawe kama tunapanga biskuti.

7 Machi

Mawingu yamerudi upande wa ziwa. Mwezi wa kumi na mbili tuliyaomba. Leo tumeyatazama na kuongeza mwendo. Magogo hatutayawahi, gari litapita juu ya mawe.

11 Machi

Gari limefika asubuhi. Sista Annunciata alikuwa ndani, viatu safi. Hatukuwa na maneno mengi. Sista Godeliva alivaa sweta lake, akaaga nyumba chumba kwa chumba, mpaka jikoni, mpaka kwenye kabichi. Aliniwekea mkono kichwani akanibariki kwa Kifipa, sio Kiswahili, sio Kilatini. Nikamwambia amsalimie Liesbet. Nilitaka kumwambia mengi zaidi, na hayo yaliyobaki sijui nitayaweka wapi.

Tulitangulia mtoni kwa miguu, wote. Dereva alishuka, akakagua, akauliza ni kampuni gani imejenga. Tuliingia majini pande zote mbili, sketi zimefungwa viunoni, tukasimama tumeshikana mikono pembeni ya mawe kumwonyesha njia. Leokadia alikuwa wa kwanza, na mimi karibu yake. Dirishani nilimwona Sista Godeliva amefungua macho, anatutazama mmoja mmoja, midomo inasema majina yetu.

Gari lilipita polepole juu ya mawe yetu, na hata moja halikutikisika.